Siku Kumi na Moja za Kumngoja Gitau

Nakumbuka Jumanne moja asubuhi, mwanangu, kaka yangu Gitau akiwa amesimama mlangoni pa nyumba yetu huko Murera, kofia mkononi. Akaniambia, "Usilie. Alhamisi nakuja na gari tumpeleke Nairobi. Hiyo niachie mimi." Nami nikamwachia. Nilimwachia kila kitu, hata yale ambayo hayakuwa yake kuyabeba.

Ngoja nikueleze tulikuwa wapi. Mume wangu, Njoroge, alikuwa akikata mawe kwenye machimbo upande wa Juja. Siku moja jiwe liliporomoka likamwangukia mgongoni. Alilazwa Thika karibu mwezi mzima, na aliporudi nyumbani miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Daktari alisema huenda mtaalamu wa mgongo kule Nairobi angeweza kusaidia, ila mgonjwa asiketishwe kwenye gari, asafiri amelala. Ndipo nikamkumbuka Gitau. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja pale Kahawa Sukari, na tajiri huyo alikuwa na gari refu ambalo mtu angeweza kulala nyuma. Kwetu sisi tuliobaki shambani, Gitau ndiye aliyejua watu.

Alhamisi ilipofika nilimwosha Njoroge, nikamvalisha shati lake la kanisani, nikaenda kusimama kando ya barabara. Gari halikuja. Kesho yake nikaenda Ruiru kupiga simu kwa tajiri wake, kwa maana siku hizo simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Aliyepokea akasema Gitau yuko safarini, atarudi. Nikajiambia, basi, atarudi. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, mwanangu, na kuisikia ikikuingia mfupani ni jambo lingine.

Jumapili wamama wa kanisa walikuja kutuona. Mmoja akasema mume wake ana pikapu ya kubebea maziwa, wangeweza kutandika godoro nyuma tuende polepole. Nikamwambia, "Asante mama, lakini kaka yangu anakuja." Walipofumba macho kuomba, yangu yalibaki wazi, yakitazama barabara kupitia dirishani. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita maitu kama mama aliyenizaa, aliniona.

Wiki ya pili vidonda vya mgongoni vilianza kumletea Njoroge homa. Nilimpa uji, nikamgeuza, nikampangusa, lakini masikio yangu yalikuwa nje. Kila gari lililopita lilinitoa ndani. Jumamosi mchana akaniita, "Mama Wanjiku, njoo uketi hapa. Tuombe pamoja."

Nikamjibu, "Ngoja kidogo, nasikia gari."

Nikatoka mbio hadi barabarani. Lilikuwa lori la mchanga. Badala ya kurudi nikasimama pale, nikifikiri labda Gitau yuko nyuma yake, labda amepotea njia, labda, labda. Sijui nilisimama muda gani. Niliporudi, maitu alikuwa ameketi kitandani, kiganja chake kikiwa juu ya macho ya mwanawe.

Nilimuuliza kama alisema chochote. Akaniambia, "Alikuita mara mbili. Kisha akaomba peke yake. Alikuombea wewe."

Ningekuambia kwamba maumivu hayo yalipoa, lakini mimi ni mzee, sina sababu ya kukudanganya. Kama Nairobi wangemponya, sijui. Daktari mwenyewe hakujua. Ninachojua ni kwamba nilipewa siku kumi na moja na mume wangu, na nilizimaliza nikiwa nimempa kisogo.

Gitau alikuja kwenye mazishi. Aliponinyooshea mkono nilikunja mikono yangu kifuani mbele ya watu wote. Nikakaa miaka saba bila kusema naye. Jina lake halikutajwa nyumbani mwangu, na binti yangu Wanjiku alikua bila kumjua mjomba wake.

Aliyenivunja ni maitu. Tulikuwa tukipalilia mahindi, nikawa nalalamika, kama kawaida yangu, kwamba Gitau aliniua mara mbili, kwa kutokuja na kwa kunifanya nimngoje. Akasimamisha jembe lake. "Wewe ulimpa kijana wa watu kazi ya Mungu," akasema. "Uliweka uhai wa mwanangu mikononi mwake, ukakataa mkono wa kila mtu mwingine, ukakataa hata kufumba macho tukiomba. Sasa unamchukia kwa kushindwa na kazi ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Mimi nilimzika mtoto wangu. Mbona sina chuki kama yako?"

Nilipalilia hadi mwisho wa mstari, machozi yakianguka kwenye udongo.

Juma lile nilienda Kahawa Sukari. Nilimkuta Gitau langoni kwa tajiri wake, kichwa kimeshaingia mvi. Alisema kwamba tajiri alimnyima gari siku ile ile ya Jumanne. "Niliona aibu kuja mikono mitupu," akasema. "Simu yako nilisikia, nikawaambia waseme niko safarini. Nikaona afadhali nisije kabisa."

Nikamwambia, "Ungekuja tu hivyo hivyo. Tungekaa naye." Na maneno hayo yalipotoka kinywani mwangu nikajua yananihusu na mimi. Tulilia pale langoni, watu wazima wawili, wapita njia wakitutazama.

Mwanangu, siku itakuja utabanwa, na utamtafuta mtu. Mtafute. Watu ni mikono ya Mungu, na aliye na pikapu ya maziwa akikuitikia, panda. Lakini moyo wako usiutundike kwa mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. Binadamu huahidi kwa upendo, kisha hushindwa, huona aibu, hujificha. Ukimfanya mtu kuwa Mungu wako utampoteza yeye, na utampoteza na Mungu pia. Mwombe Mungu kwanza, macho yamefumbwa, na ukimaliza kuomba keti na mgonjwa wako. Mungu hakunijia kwa barabara. Alikuwa ndani na Njoroge, wakiniita, nami nikawaambia wangoje.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulie pale nisipojua, akushike mkono pale wangu utakapokuwa haufiki tena, na siku utakapoitwa na unayempenda, akupe miguu ya kurudi ndani upesi.