Mbwa Aliyeburutwa Mpaka Kijitoni

Jumamosi, mwezi wa pili. Asubuhi kulikuwa na ukungu kidogo juu ya migomba, halafu jua likatoka likaufuta kama mwalimu anavyofuta ubao. Saa nne tu mabati yalishaanza kulia kwa joto. Mawingu yalikusanyika upande wa ziwani, yakatuangalia, yakaondoka.

Naandika ya leo, lakini nisipoanza na mbwa wetu wawili wa mwaka jana haitaeleweka. Nitajaribu kusema haki, ingawa mimi niliishia darasa la saba na haki ni kitu kirefu.

Mmoja alikuwa dume mweusi mwenye koo jeupe, kama amevaa kola ya mchungaji. Usiku alibweka mpaka wezi wa ng'ombe, naamini, walitafuta njia nyingine. Ila radi ikipiga aliingia chini ya kitanda chetu akatetemeka, mume wangu akawa anamwambia, "Toka huko, askari, unatuaibisha." Mwenzake alikuwa jike wa rangi ya mchanga. Huyo alikuwa anatabasamu. Watu hawaniamini, na labda yalikuwa meno tu, lakini nikirudi gulioni na dagaa alitabasamu, nikirudi na sabuni hakutabasamu.

Siku moja walimfuata mume wangu akipeleka ng'ombe mnadani, wakarudi naye mchana, barabara yote vumbi, kivuli hakuna. Karibu na nyumbani wakachepuka, wakaingia kwenye migomba ya jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa rafiki wa marehemu mama mkwe wangu, wakalala humo. Walipofika kwetu walikuwa wanapepesuka kama wametoka kilabuni, mate yanawamiminika, ulimi mwekundu sana. Mume wangu alisema neno moja tu: "Sumu."

Huku kwetu likishatajwa neno hilo kila mtu anajua la kufanya. Tuliwanywesha maziwa. Tukawafungia kwenye stoo ya mabati ili wasikimbie wakafie porini. Jua lilipozama tulikuwa tunachimba shimo. Nilimlilia yule wa kutabasamu kuliko nilivyowalilia baadhi ya ndugu. Mungu anisamehe, ila ndivyo ilivyokuwa.

Lawama ikaenda kwa jirani. Kusema kweli, ilikuwa na pa kushika. Mbwa wetu walikuwa wamemla kuku wake, naye alisema mbele za watu, "Hawa mbwa wenu nitawakomesha." Lakini huku kila mtu husema atamkomesha mwenzake, na wengi bado hawajakomeshwa. Mimi sikumwona akitega kitu. Mume wangu naye hakumwona. Hata hivyo aliapa hatakula tena chakula cha nyumba ile, na neno hilo lilivuka kijito kinachotutenganisha kabla hatujaosha majembe. Tangu hapo yule mama hakuja tena kwenye risaga yetu, ule utaratibu wa majirani kulimiana mashamba kwa zamu. Utamlimiaje mtu ambaye anaogopa chungu chako? Shikamoo yangu aliipokea, ila kwa pembeni ya mdomo.

Tulibaki na mtoto wa yule jike, mwenye sikio moja lililolala na tabasamu la mama yake.

Leo huyo alishinda shambani akifukuza tumbili kwenye mahindi. Tumbili walikuwa wanamchezea tu. Mmoja anamvuta juu ya shamba, mwenzake anavunja hindi chini. Wakaenda hivyo mpaka jua likawa utosini. Halafu sikumsikia tena. Nilichosikia ni sauti ya jirani kutoka kijitoni:

"Mashahidi! Njooni mashahidi! Mimi sijampa kitu!"

Nilikimbia. Mume wangu alikuwa ametangulia, mkononi ana jagi la maziwa.

Yule mama alikuwa amesimama katikati ya kijito, maji magotini, gauni limelowa, amemshika mbwa wetu chini ya kidevu. Mbwa amelegea kama blanketi la kufua. Alikuwa amekwenda kuanguka kwenye migomba yake, mahali palepale pa wale wawili. Mama akaona mbwa akifia pale yeye amekwisha. Basi akamkamata miguu, akamburuta ili amvushe mpaka, na nguvu zikamwishia majini.

"Mama, umempa nini?" mume wangu akauliza.

"Nimempa safari! Nilitaka akafie kwenu. Mzito huyu kama mkwe mlevi!"

"Mlete huku anywe maziwa."

"Kanywe mwenyewe! Wale wengine si mliwapa maziwa? Waliamka?"

Nikaingia majini kumsaidia kumtoa, nikamshika tumbo. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni, na huku yumo ndani ya maji.

"Anaungua huyu," nikasema. "Tumwache humuhumu kwanza."

Sikuwa na uhakika. Nilisema tu. Tukasimama naye wanawake wawili, mimi nikimwagia maji kichwani, yeye akilalamika, "Uzee wangu huu, nimekuwa mkunga wa mbwa." Nikacheka. Akacheka na yeye, halafu akakumbuka kwamba hatuchekeani, akamgeukia mbwa.

Mbwa akapiga chafya. Akalamba maji, akalamba tena. Baadaye akasimama, miguu inatetemeka, akajikung'uta akatulowesha wote, mpaka na jagi la mume wangu. Jambo la kwanza alilolitazama kwa makini lilikuwa kuku wa jirani.

"Huyo sasa amepona," mama akasema.

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Wale walitoka mnadani mchana wa jua," akasema polepole. "Halafu nikawafungia kwenye mabati."

"Tuliwafungia," nikamwambia, maana komeo nililisukuma mimi.

Sitaki kuandika kwamba sasa najua ni jua lililowaua, si sumu. Mimi si bwana mifugo, na wale wawili hawawezi kuulizwa. Lakini huyu hakupewa chochote ila maji ya kijito, na ameamka.

Mume wangu akasimama, akavua kofia. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa, lakini marahaba." Akanyoosha mkono. "Lete hilo jagi, maziwa yasiharibike bure."

Jioni jua likiwa limepungua makali, jagi lilirudi tupu, na pamoja nalo bakuli lililofunikwa sahani. Mama alilileta mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesonga ugali wa mtama na muhogo. Akafunua bakuli mbele yetu, akamega tonge ili aonje kwanza, kama anavyofanya mtu mwenye heshima anapoleta chakula, na zaidi mtu aliyewahi kusingiziwa. Mume wangu akaliwahi bakuli.

"Acha kuonja, mama. Kaa ule."

Akachovya yeye wa kwanza, akala, akachovya tena. Mama alikaa na tonge lake mkononi akimtazama. Kisha akasema, "Basi punguza mwendo, na sisi tumo." Akatuuliza risaga ijayo ni kwa nani.

Tulikula ugali kwa mboga ya mgagani aliyoipika kwa yale maziwa ya jagi, chumvi imezidi kidogo. Mbwa alipewa ukoko wa ugali, kivulini, akatabasamu.