Mguu Niliouficha kwa Ajili ya Kibaba cha Mtama

Ninyi wasaidizi wapya wa hospitali mliovikwa vitambaa vyeupe mkononi juzi mmeniomba niwasimulie habari za mguu huu. Nimekubali, ila msingoje muujiza. Wapo wanaosimama mbele ya watu wakasema walilala wagonjwa wakaamka wazima. Mimi nilipona polepole, kwa maumivu na kwa aibu, na lililonipata katikati ya kupona kwangu ni baya kuliko kidonda chenyewe. Kaeni, nitasema yote.

Jina langu la ubatizo ni Yosefu. Nilizaliwa Lusewa. Baba alipofariki tulihamia hapa Songea, mimi, mama na kaka yangu, tukajenga chini ya Matogoro. Wajerumani walipojenga boma nilichukuliwa kubeba mawe. Siku moja Bwana Daktari alitaka mtu wa kumshikilia mpagazi aliyeoza vidole vya mguu. Wenzangu walitapika, mimi sikutapika. Wengine huchaguliwa kwa akili zao. Mimi nilichaguliwa kwa tumbo gumu.

Nilifundishwa kuchemsha vitambaa, kuosha vidonda na kuvifunga, kutoa funza, kunywesha watu kwinini. Baada ya mwaka nikapewa cheti chenye mhuri na kitambaa cheupe cha kuvaa mkononi. Kisu sikuruhusiwa kukigusa, wala ufunguo wa kabati la dawa. Tulikuwa wasaidizi tu. Bwana Daktari alipita asubuhi akaonyesha kwa fimbo yake, nasi tukafanya. Mgonjwa akipona, kaponywa na Bwana Daktari. Akifa, tunaulizwa sisi tulimfungaje. Huko nyumbani nako majirani waliniita mfua usaha. Lakini askari walipokuja kukamata watu wa kubeba mizigo, niliwaonyesha cheti wakanipita. Msiidharau karatasi ile.

Vita ya Majimaji ilipofika Ungoni, kaka yangu alikunywa ile dawa iliyosemwa hugeuza risasi kuwa maji, kisha akaja kuniambia nivue kitambaa niende naye. Nilikataa. Yeye hakurudi. Mimi niliendelea kufunga miguu ya askari waliompiga yeye na wenzake, na jioni nikarudi kula kwa mama. Mama hakuniuliza neno. Angeniuliza, ningepata nafuu.

Baada ya vita ikaja njaa. Mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, mbegu hazikuwapo. Watu walikula majani na mizizi, wakavimba miguu, wakaja kwetu na vidonda visivyotaka kufunga. Sisi wenye cheti tulipewa posho kila Jumamosi, kibaba cha mtama. Mama alikisaga, akatupikia uji mwepesi wa juma zima. Nyumba yetu ilikuwa na watu wawili tu, na sote wawili tuliishi kwa kitambaa hicho.

Sasa sikilizeni sheria, maana ninyi pia mnayo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujagusa mgonjwa, tulisimama mstari tukaonyesha mikono, na miguu mpaka gotini. Msaidizi mwenye kidonda alivua kitambaa, akahamia upande wa wagonjwa mpaka apone. Huko alipata uji wake mwenyewe, basi. Posho ya nyumbani ilikatika. Sheria ilikuwa nzuri, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni.

Kidonda changu kilianza kwa mwiba. Nilichomwa juu kidogo ya kifundo cha mguu wakati wa kukata kuni. Likatoka lengelenge lenye maji meusi, likapasuka, na siku ya nne palikuwa na shimo la kuingia ukucha. Nilinusa nikajua. Ni kile kidonda kilichokuwa kikiwala wenzetu wenye njaa, ambacho nilikuwa nimekwisha kukiosha kwenye miguu ya watu wengi mno. Jumatatu ile nilijizungushia mguuni vitambaa virefu kama askari, nikasema nasikia baridi. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Songea mwezi huo mnaijua. Msimamizi wetu alikuwa Bakari, Myao wa upande wa Nakapanya, mtu wa sala tano na maneno machache. Alicheka, akasema Wangoni siku hizi wanataka kuwa askari, akanipita bila kunifungua. Aliniamini.

Majuma matatu nilidanganya hivyo. Shimo likawa pana la kuingia kiganja. Nyama ikawa ya kijivu, usaha ukashuka mpaka kwenye kisigino, mtoki ukavimba kinenani hata nikawa natembea upande. Niliuosha mguu nyuma ya jiko wakati wenzangu wakila, kwa beseni lile lile tulilooshea wagonjwa. Niliwaambia wagonjwa kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwaambia huku nimesimama kwa mguu mmoja.

Wakati ule nilikuwa namfunga mpagazi mmoja, Ndunguru, aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Alikuwa karibu kupona. Asubuhi moja nilifungua kitambaa chake nikakuta kingo za kidonda zimekuwa za kijivu, na harufu ni ile yangu. Nilijua nimemwambukiza mimi, kwa mikono hii. Nikamfunga tena, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Nyumbani harufu haifichiki. Jumapili mchana nililala kwa homa, na nilipoamka mama alikuwa ameketi miguuni pangu, vitambaa amevifungua, mshipa mweupe unaonekana ndani ya nyama. Hakulia. Nilimwambia akisema hatutakula. Nilimwambia mara mbili. Aliufunga mguu vizuri kuliko nilivyoufunga mimi, akatoka nje.

Jumatatu tulipokuwa tumesimama mstari, nilimwona anapanda kuja bomani. Hakuwahi kufika pale tangu vita. Alisimama mbele ya Bakari, wenzangu wote wakisikia.

"Mwanangu anaoza mguu," alisema. "Mvueni hicho kitambaa."

Bakari akanifungua, akarudi nyuma hatua moja, akasema lahaula. Bwana Daktari aliitwa. Alitazama, akanusa, akasema mguu utakatwa chini ya goti atakaporudi safari, siku kumi kutoka siku ile. Kitambaa nilikivua mwenyewe. Mama alikuwa bado amesimama pale, nami nilipita mbele yake bila kumtazama. Nilimchukia, wenzangu. Siwezi kusema neno laini zaidi.

Kitanda nilichopewa kilikuwa jirani na cha Ndunguru. Siku mbili sikumsemesha. Ya tatu nilishindwa, nikamwambia kidonda chake kimetoka kwangu.

"Najua," alisema. "Nilisikia harufu yako ulipokuwa unanifunga."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye mwenye kitambaa."

Bakari alikuja na beseni na kibano. Alisema kisu si chake, lakini kibano ni chake, na katika siku hizi kumi tutaona kibano kinaweza nini, inshallah. Asubuhi na jioni alininyofoa nyama iliyokufa, unyuzi mmoja mmoja, kisha akamwaga maji ya moto yenye dawa ya rangi ya zambarau. Niliuma mkanda mpaka meno yakalegea. Nilijikojolea mbele ya watu niliokuwa nikiwaamuru wasipige kelele. Akimaliza kwangu alinawa, akabadili beseni, akaenda kwa Ndunguru. Usiku na mchana nilikuwa nawaza jambo moja, kwamba nitakuwa kilema, na kilema hapewi cheti, na asiye na cheti huzikwa na njaa.

Mama alikuja kila baada ya siku moja, na kibakuli cha ndiga zilizochemshwa. Ndiga mnazijua wenye asili ya hapa: ni viazi vya porini vyenye sumu, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kikapuni na kulazwa mtoni siku nne tano mpaka sumu itoke. Uji wa wagonjwa ulikuwa maji matupu, kwa hiyo chakula kile kilikuwa kikubwa. Akifika, mimi niligeukia ukutani.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Zimelala mtoni siku tano. Hazina uchungu."

Sikumjibu hata mara moja. Akiondoka nilimpa Ndunguru kibakuli. Msidhani ulikuwa wema, ilikuwa hasira tu. Alikuja mara nne, kisha hakuja tena. Mwanzoni nilifurahi, nikasema amekoma. Baadaye nikakasirika kwamba ameniacha. Baadaye zaidi nikaogopa, nikawa namwuliza Bakari kama amemwona, naye alisema niutazame mguu wangu kwanza.

Safari ya Bwana Daktari ilichelewa, akarudi baada ya majuma matatu. Aliubonyeza mguu. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, inatoa damu nzuri. Akasema usikatwe. Akaandika kwenye daftari lake kwamba dawa yake imefanya kazi, Bakari akiwa amesimama nyuma yake na beseni mkononi. Mguu wa Ndunguru ulikuwa umeliwa mpaka mfupa. Huo aliukata kesho yake. Ndunguru alipona, akaenda zake kwa gongo, na akiniaga alinipa mkono. Mkono ule unanilemea mpaka leo.

Siku ile ile niliyosalimika, Bakari aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniambia mama amezikwa siku nane zilizopita. Alikuwa amenificha, alisema, kwa kuwa mgonjwa akikata tamaa nyama haifungi. Sikumlaumu. Kuficha nilikuwa nakujua.

Nilishuka nyumbani kwa fimbo. Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alikuwa ndiye aliyemwosha mama. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alinishika mkono akanipeleka mtoni, mahali wanawake walipokuwa wakilaza ndiga. Vikapu vya mama vilikuwa bado vimefungwa kwenye mzizi, viwili.

"Hiki cha siku tano kilikuwa chako," alisema. "Hiki kingine alikuwa anakitoa siku ya pili, anakula. Posho ilikuwa imekatika, ndani hamna kitu. Nilimkataza. Akasema tumbo la mzee limezoea machungu."

Mama alitapika siku nzima, alisema yule bibi, kisha akalegea kama mlevi, akawa haoni. Aliuliza mara moja tu kama nimekula.

Basi. Nilipona. Baada ya miezi miwili nilirudishiwa kitambaa na cheti, na Jumamosi ya kwanza nikapimiwa kibaba changu cha mtama. Nilikaa nacho mlangoni mwa ghala mpaka walipofunga, sikujua nikipeleke wapi.

Namshukuru Mungu kwa mguu huu, maana nimeambiwa nishukuru na ni kweli unatembea. Namshukuru Bakari, ambaye hakuna daftari lililomwandika. Mama sikumshukuru alipokuwa hai, na sasa shukrani yangu haimfikii.

Nanyi, mkipata kidonda vueni kitambaa wenyewe, hata kama nyumbani kuna njaa; mmesikia changu kilikomfikisha Ndunguru. Osheni beseni. Mgonjwa akinyamaza, muulizeni, maana anakiogopa kitambaa chenu. Na siku mtakapoona mtu amemletea mgonjwa wake chakula wakati wa njaa, msimwache aondoke. Muulizeni yeye amekula nini.