Shikamoo Isiyoitikiwa

Darasa letu lilinuka samli. Ukutani, kando ya ubao, ulining'inia mjeledi wa ngozi ya kiboko, na kila Ijumaa Mwalimu Daudi alimwita mwanafunzi mmoja aupake samli usije ukapasuka. Shule yetu ilikuwa baraza la jumbe wakati wa Mwingereza. Mjeledi ule mwalimu aliukuta darini, akakataa kuuchoma. "Huu ukipasuka, nanyi mtasahau," alikuwa akisema. Mimi niliishia darasa la nne, na hesabu nyingi zimenitoka, lakini harufu ile haijanitoka. Baba yangu alikuwa na alama za mjeledi huo mgongoni.

Alichapwa kabla sijazaliwa, kwenye barabara ya Sekenke, kwa kuchelewa kazi ya lazima. Ng'ombe wake alikuwa anazaa, akabaki kumsaidia. Aliyemchapa hakuwa Mzungu. Alikuwa mnyapara Kitundu, mtu wa kwetu, tena mdogo kwa baba. Baba alikuwa tayari anachunga ng'ombe wakati Kitundu bado anabebwa mgongoni. Kabla ya kumlaza chini Kitundu alimwambia, "Kwanza niamkie." Baba akatoa shikamoo kwa mtu aliyemzidi umri, watu wote wakitazama. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema majeraha yalipona, ile shikamoo haikupona. Ujamaa ulipokuja tukahamishiwa kijijini, nyumba kwa mistari, na nyumba ya pili tukamkuta nani? Kitundu, sasa balozi wa nyumba kumi, anacheka na kila mtu, "Sasa sisi sote ndugu!" Kumwamkia baba hakuwahi. Baba naye akimwona alizungukia nyuma ya zizi wasikutane.

Siku ya sherehe za Uhuru Mwalimu Daudi alitaka tuigize enzi za mkoloni. Wavulana waligombea kuwa Mzungu, wapakwe majivu usoni. Mimi nikasema nataka mnyapara. "Wewe, msichana?" wakanicheka. Mwalimu akanipa mjeledi. Wazazi walijaa uwanjani, Kitundu kwenye kiti cha mbele. Nikatembea kama yeye, tumbo mbele, nikitema tumbaku ya uongo pembeni, watu wakavunjika mbavu kwa sababu walimjua. Hata yeye alicheka. Ndipo nikamsimamia mvulana aliyepiga magoti, nikasema neno ambalo mwalimu hakunifundisha: "Kwanza niamkie." Kicheko kikakatika uwanja mzima.

Baba akasimama, akavuka uwanja polepole mpaka kwenye kile kiti. "Umemsikia mwanangu," akasema. "Leo niamkie wewe." Kitundu akaangalia huku na huku. "Ndugu yangu, hayo yalishapita." "Yamepita kwenda wapi? Niamkie." Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Si mkubwa wako huyo? Au magoti yamekauka?" Kitundu akainuka, akavua kofia, akasema shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Baba akamtazama tu. Hakuitikia marahaba. Akageuka, akarudi kukaa. Mwalimu Daudi hakunigombeza. Ijumaa iliyofuata aliniita mimi kupaka samli.

Shule sasa ina bati na rangi ya bluu, na darasani hakunuki kitu. Mjeledi hakuna ajuaye ulikokwenda. Mjukuu wangu anasoma palepale, anakariri kwamba wakoloni walitutesa, basi. Nikamuuliza, "Kina nani hao?" Akasema, "Wazungu, bibi." Nikamketisha, nikamtajia Kitundu kwa jina, na mwalimu wake nikamfuata shuleni nikamwambia awafundishe na hilo. Akina mama wa kanisani wananiambia nisamehe, marehemu hasemwi. Baba yangu naye ni marehemu. Wajukuu wa Kitundu ni watu wazuri, wananiamkia kila asubuhi nami nawaitikia. Hao sina neno nao. Lakini kaburi la babu yao liko kando ya njia ya kwenda Shelui, na kila nikipita husimama kidogo. Ile shikamoo yake bado inangoja kuitikiwa. Na ingoje.