Kamba ishirini za pima kumi: hesabu niliyoikosa Isiolo, jibu nikalikuta Kibuyuni

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mwenyewe. Anayenijua akisoma atajua ni mimi, basi na iwe.

Mimi ni mtu wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, ila tangu nimalize form four sijakaa mji mmoja miaka mitatu. Voi, Garissa, Kitale, sasa Isiolo. Kila nifikapo naukumbuka mji nilioutoka, na nikiijumlisha yote, jibu huwa Kibuyuni.

Mamangu analima mwani. Juzi juzi alinipigia simu.

"Mwanangu, kamba zangu zimechakaa. Nitumie ishirini, pima kumi kumi. Bamvua lisinipite."

Kwa wasiojua, bamvua ni zile siku chache ambazo maji hutoka mbali, akina mama wakaingia kufunga kamba za mwani kwenye vigingi. Likikupita, unangoja kama wiki mbili.

Nilifurahi sana. Shuleni nilikuwa moto kwa hesabu za mafumbo, zile za Juma ana maembe. Pima ni futi sita, tulifundishwa hivyo. Mara kumi, futi sitini. Kwa mita, kama kumi na nane. Nikakata kwa tape, kamba ishirini sawasawa, nikazituma kwa basi.

Nikajiona mtoto mwema.

Siku chache baadaye akapiga dada yangu, Mwanasiti. Nasikia upepo wa pwani kwenye simu.

"Kaka, hizi kamba ulimpimia mama au ulimpimia twiga?"

Walikuwa wameshafunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kamba nzima nzima. Kufika baharini, kila kamba imezidi mita tatu, inalala mchangani. Ikawa kufungua na kufunga upya, na maji yale yanarudi. Zilizowahi ni saba. Mbegu za kumi na tatu zikaharibika.

"Vigingi alipima mama kwa mikono yake, pima ni kidole hadi kidole," akasema. "Umesahau alivyo mfupi?"

Wakuu, nilikuwa nimesahau kweli. Miaka mitano namsikia kwenye simu tu, na kwenye simu mama yangu ni mrefu.

Nikapanda basi. Nikamkuta barazani na kisu, anapunguza kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twiga amefika."

Nikatoa tape. "Nyosha mikono, mama, nikupime."

Akanyosha. Nilipoinama kushika kidole chake, akanikumbatia, akakaa hivyo.

"Mama, napima."

"Pima. Kwani nimekukataza?"

Ni mita moja na nusu. Mara kumi, kumi na tano. Mtoto wa darasa la nne angepata, lau angeuliza kwanza ni pima ya nani. Mimi sikuuliza. Hilo ndilo funzo langu.

Bamvua lililofuata tulizifunga zile kumi na tatu, mimi na yeye, maji magotini. Kisha miguu ikaniwasha, nikaondoka tena. Sijisifu.

Ila sasa begini nina kipande cha kamba, pima yake moja, fundo huku na fundo huku. Nikikishika ncha hadi ncha, mikono yangu haifunguki yote.

Haya, nanyi mlio mbali na kwenu, tuambizane: mama zenu pima yao ni ngapi? Bila kupiga simu kuuliza.