Ukumbi Usio na Msumari

Nianze na mdomo wake, maana habari yote iko hapo. Mama Pini anapopamba ukumbi hushikilia pini kwa midomo, safu nzima, akizitoa moja moja kadiri kitambaa kinavyopanda ukutani. Aproni yenye mifuko anayo, nilimnunulia mimi mwenyewe. Haitaki. Anasema mkono ukishuka mfukoni, kitambaa kinateleza. Kwa hiyo ukimuuliza kitu akiwa juu ya ngazi utajibiwa "mm" au "mm-mm", na sisi tuliozoea kufanya naye kazi tunazielewa zote mbili.

Mimi ni wa viti. Nakodisha viti, meza na maturubai. Yeye ni wa vitambaa. Hakuna harusi ya maana katika mji wetu ambayo hatukuwa wa kwanza kufika. Kufika, ndiyo, kuiona, hapana. Wageni wakianza kuingia kwa mlango wa mbele, sisi tunatoka kwa mlango wa jikoni tumebeba ngazi. Watu wanatusifu sana. Sifa zenyewe hutukuta uani, tumekalia kreti za soda, tunakula kilichobaki.

Sasa mtu wa namna hiyo alipotangaza kwamba harusi ya kitinda mimba wake itafanyika nje ya nchi, na kwamba ukumbi atauchagua yeye mwenyewe, nusu ya ukoo ilidhani ana homa.

Aliyeanza ni mtoto, tena kwa mzaha. Alimwonyesha mama yake picha kwenye simu, watu wanaoana ng'ambo kando ya ziwa, akasema, "Mama, na sisi tungekwenda mbali hivi, tukapumzika na kelele za shangazi." Mchumba wake akacheka. Mama Pini hakucheka. Aliitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazimika, kisha akasema, "Twendeni." Huyo mchumba ni muuguzi na kazi yake iko nchi ya jirani, kwa hiyo kulikuwa na pa kuanzia.

Kikao kiliitwa sebuleni kwake Jumapili mchana. Mwenyekiti, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke aliyezaliwa kuongoza nchi akakosa nchi, ikabidi aongoze kamati za harusi. Mume wa Mama Pini ni kinyozi. Akiwa na kichwa cha mteja mkononi ana maneno ya kujaza gazeti. Akifika nyumbani huyaacha mlangoni pamoja na viatu. Alikaa karibu na dirisha. Mimi niliitwa kwa sababu ya viti.

"Ukumbi wa manispaa upo," Wifi alianza. "Viti vipo, mwenyewe huyu hapa. Mpambaji tunaye humu humu ndani. Sasa ng'ambo tunafuata nini? Mcheza kwao hutunzwa."

"Nimecheza kwetu tangu nywele zangu nyeusi," Mama Pini akasema. "Nani amenitunza?"

"Wifi yangu, usikasirike. Mwanao usipompambia ukumbi wewe, atampambia nani?"

"Kinyozi hajinyoi. Muulizeni huyo hapo."

Wote tukamgeukia mumewe. Akakohoa. "Ni kweli," alisema. "Mimi hunyolewa na jirani." Akarudi kutazama nje. Hayo ndiyo maneno yake yote ya kikao kile, na yalitosha.

Mama Pini akasimama. Hakupandisha sauti, na mimi ninayemjua nikajua mambo yameiva. "Safari hii nitakaa," alisema. "Nitavaa nguo yangu, nitakaa mbele kama mama wa bibi harusi, na mwanangu nitamwona akiingia. Hapa mjini sitakaa, mnajua wenyewe. Kila mlinzi wa ukumbi ananijua. Hata kabla sijaketi ameshaniletea ngazi. Nikivuka mpaka hanijui mtu. Na vitambaa vyangu havivuki, maana ukifika forodhani na marobota wanakuambia wewe ni mfanyabiashara. Asiyetaka kuja asije. Sitamnunia."

"Basi mimi siji," Wifi akasema.

"Haya."

Wifi alikuwa hajawahi kujibiwa "haya" na mtu maishani mwake. Alikusanya mkoba wake, akatafuta viatu, na kwa hasira akavaa kimoja cha kwake na kimoja cha mdogo wake kinyozi. Hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka amefika barabarani.

Watu waliona ni jeuri. Na iwe jeuri. Mimi nilikuwepo siku iliyoizaa.

Binti yake mkubwa aliolewa katika ukumbi huo huo wa manispaa. Gari la maharusi limeshafika mlangoni, pazia la nyuma ya jukwaa likaachia upande mmoja. Wifi huyu huyu akapiga makofi, "Ngazi, ngazi," kama anayemwita kuku. Mama Pini akapanda na gauni lake la sherehe, mimi nikashika ngazi, na mtoto akaingia. Mlango ulikuwa nyuma yetu. Sisi tulikuwa tunatazama ukuta. Wanawake wakapiga vigelegele. Sasa lazima ujue kwamba katika ujana wake, mama huyu alikuwa na kigelegele kinachojulikana mtaa mzima. Akianza yeye, wengine walinyamaza kwanza wamsikie. Siku ile mdomo umejaa pini. Niliona koo lake likitikisika na hakuna kilichotoka. Aliposhuka, mtoto alikuwa ameshaketi.

Baadaye yule binti alisema, bila lawama yoyote, "Nilipokuwa natembea nilikuwa nasikiliza sauti yako, mama. Sikuisikia." Mama yake aliendelea kukunja vitambaa. Kila nikimwambia mtu habari hii ananijibu, "Lakini si amezoea?" Neno hilo nalichukia. Punda naye wanasema amezoea.

Basi tukaenda kuchagua ukumbi, yeye, kitinda mimba na mimi. Alinichukua, alisema, nikamwangalizie viti, lakini nadhani alitaka mtu wa kumshika mkono. Mchumba alitupokea stendi, akatuzungusha siku nzima.

Wa kwanza ulikuwa ukumbi wa hoteli kubwa, zulia jekundu, nguzo pande zote. Meneja, kijana mwenye tai, alianza kutusimulia habari za jenereta. Mama Pini alikuwa anatazama dari. Nikaona vidole vyake vinaanza kuchezacheza, gumba na shahada, vikibana hewa. "Nguzo hizi zinataka kuvishwa," akasema taratibu. Kisha akajishtukia. "Tutokeni." Meneja alibaki na jenereta lake.

Wa pili ulikuwa nyumba ya zamani yenye ua katikati na roshani juu. Hapo ndipo tulipoaibika. Bibi harusi aliupenda ule ua, akawa anazunguka anapiga picha. Mimi nikahangaika na viti vyao, ambavyo miguu ilikuwa haisimami sawa. Nilipogeuka, nikamuuliza mwenzangu, "Unasemaje, mama?"

"Mm," akajibu.

Nikamtazama vizuri. Pini zilikuwa mdomoni. Alikuwa amezitoa mkobani bila kujua, amezipanga kwenye midomo yake, na mkono mmoja ulikuwa tayari juu ya ukuta unapapasa pa kuanzia. Nikamwonyesha kwa kidole. Alizitema moja moja kwenye kiganja, na macho yakamjaa machozi ya hasira. "Unaona?" akaniambia. "Hata nikienda mwisho wa dunia, ukuta ukiniita nitaitika."

"Basi tutafute ukuta bubu," nikasema.

Wa tatu haukuwa hata kwenye mpango. Mchumba aliukumbuka tukiwa tumechoka: chumba kirefu cha kioo juu ya mwinuko, na ziwa chini yake. Kuta za kioo kuanzia sakafuni, dari ya mbao nyeusi za kale. Mabenchi mazito, yamekazwa sakafuni kwa bolti. Mwanamke aliyekuwa anautunza alitutembeza kwa kusitasita, mwishowe akasimama, akashusha sauti.

"Niwaambie ukweli kabla hamjaupenda," alisema. "Hapa haturuhusu mapambo. Msumari hakuna, gundi hakuna, hata ngazi haiingii. Kioo ni kile kile cha siku kilipojengwa na zile mbao hazishiki kitu. Wateja wengi wakisikia hivyo wanaondoka."

"Rudia," Mama Pini akasema.

Yule mwanamke akarudia, huku anaomba radhi. Mama Pini alimsikiliza kama mtu anayesomewa hukumu ya kuachiwa huru. Alitembea hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa. Vidole vilitulia.

"Ni hapa," alisema.

Tatizo likawa bibi harusi. Alikuwa ameketi benchi la nyuma na simu yake, na hakuwa anapiga picha tena. "Mama, hapa ni patupu," alisema. "Umewapambia watoto wa watu wote. Watu ambao hata shikamoo hawakupi umewapambia. Dada umempambia. Mimi ndiye wa kuolewa kwenye kioo kitupu?"

Nilitaka kusema kitu nikajizuia, maana hayo hayakuwa ya viti. Mama Pini alikaa kando ya mwanawe. "Dada yako nilimpambia na sikumwona," alisema. "Nina picha yake anaingia, imepigwa na mtu mwingine. Mimi nimo humo. Nimempa mgongo. Ukitaka vitambaa, mwanangu, turudi ule ua, nitakupambia mpaka watu washangae, na siku yenyewe utanikuta kwenye ngazi. Ukinitaka mimi, ni hapa. Sema tu. Sitakasirika."

Mtoto alikunja uso. Halafu akaegemeza kichwa begani kwa mama yake. "Nakutaka wewe," alisema. "Lakini angalau maua tushike mkononi."

"Maua shikeni. Mimi sishiki kitu."

Siku ya harusi tulikuwa wachache, basi moja tu la watu wetu, na anga ilikuwa safi. Mama Pini alivaa gauni la kijani ambalo mumewe alilisifu kwa kusema "ehe". Alikaa benchi la mbele. Kushoto kwake yuko mumewe, kulia yuko yule binti mkubwa, na mimi nyuma yao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa kwenye harusi juu ya benchi ambalo sikuja nalo, na niseme kweli, lilikuwa gumu.

Maharusi wako nje wanajipanga, mlango ukafunguka, na aliyeingia ni Wifi. Aliyeapa haji. Ana jasho, ana begi, na usoni ana ile sura ya mtu aliyekuja kuokoa. Alitazama chumba kile kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaja moja kwa moja benchi la mbele, akafungua begi. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe cha satini, kile kizuri cha Mama Pini mwenyewe, ambacho Wifi alikwenda kukitoa kwa mwenzake tulipoondoka. Juu yake, kikopo cha pini.

"Nilijua tu," alisema, na alisema kwa huruma kabisa, hilo nampa. "Huwezi kumwacha mtoto aolewe patupu hivi, wifi yangu. Watu watasemaje? Tupia hata pale mbele, dakika tu. Ngazi nimeiona huko nje." Akamwekea kikopo mkononi.

Watu wote wakamtazama Mama Pini. Mimi nilitazama vidole vyake. Vilikifungua kile kikopo. Gumba likaingia ndani. Yule binti mkubwa, kando yake, aligeuza uso akatazama ziwa, kama mtu anayejua kitakachofuata na hataki kukiona mara ya pili.

Mama Pini aliliona hilo. Akakifunga kikopo, akakirudisha mkononi kwa Wifi. "Kishike wewe," alisema. "Umefanya vizuri kuja. Karibu, kaa." Kisha akachukua ile satini yake nzuri, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka juu ya benchi, akaikalia. "Benchi lilikuwa linaniumiza," alisema.

Kinyozi akacheka kwa sauti. Wifi akakaa, na kikopo cha pini mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kamati.

Mlango ukafunguka tena. Bibi harusi akaingia na mwanga wa ziwa pande zote, hakuna kitambaa kilichomziba, na mama yake alimwona tangu hatua ya kwanza. Mama Pini akajaza kifua. Kigelegele kilitoka kikavu kidogo mwanzoni, kisha kikafunguka, na vioo vya ukumbi ule vikakirudisha pande zote mpaka yule mwanamke mtunzaji akashika kichwa kwa kuhofia kioo chake. Hakuna mwanamke mwingine aliyeingilia. Tulinyamaza kwanza tumsikie. Mtoto alisimama katikati ya njia, akalia, akacheka, akaendelea kutembea.

Alipokwisha kufika mbele, na mfungisha ndoa amekohoa anataka kuanza, Mama Pini akamwinulia mkono kwamba asubiri. Akamgeukia yule binti mkubwa. Akamshika kidevu, kama anavyoshikwa mtoto mdogo.

"Kile kilikuwa cha mdogo wako," alimwambia. "Hiki ni chako. Kimechelewa."

Akampigia.