Maneno Hamsini ya Bertilla

Ukipita mtaa wa Izia ukasikia mashine ya kusaga imenyamaza mchana kweupe, usidhani umeme umekatika. Ni Bertilla amepata sentensi. Miaka mitatu ameandika riwaya yake hivyo hivyo, mteja mmoja ameondoka na mwingine hajafika, mpaka kauntabuku nne zikageuka nyeupe kwa vumbi la unga. Shule aliishia darasa la saba, lakini hadithi yake anaijua kuwa ni nzuri, na hilo hamwulizi mtu.

Jumamosi hiyo ukurasa mmoja wa waandishi ulitangaza kwamba mawakala, wale watu wanaomtafutia mwandishi mchapishaji, watakuwa mtandaoni mpaka saa kumi jioni. Kila mtu anadi riwaya yake kwa maneno hamsini, mara moja tu. Atakayewavutia ataombwa sura za kwanza. Ukikosa, mpaka mwakani.

Bertilla alijifuta mikono, akaandika, akatuma, kisha akaenda kumwonyesha Suma, binti wa Mbeya anayeuza vocha kibanda cha pili. Suma alisoma mpaka chini. Akapandisha tena juu.

"Dada Berti, riwaya iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Hapa umesema shikamooni wakubwa. Umewapa pole ya kazi, umewapa pole ya joto la huko. Umewauliza habari za watoto, umeomba radhi kwa kuwaingilia. Maneno hamsini yameisha, wewe bado umepiga magoti mlangoni!"

Bertilla hakuona kosa. Kwao mtu haanzi shida yake akiwa amesimama. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, mnaulizana hali mpaka ziishe, ndipo mwenyeji anasema haya, tuambie. Yeye alikuwa anasubiri waseme haya.

"Nyie Wafipa hata mbinguni mtachelewa kuingia," Suma akasema, "mtakuwa mnamwamkia mlinzi."

"Na nyie wa Mbeya mtaingia bila hodi."

"Futa basi, uandike upya."

"Wamesema ukirudia wanakuondoa."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Chini ya salamu zake jamaa mmoja, Obedi, alikuwa ameandika: "Huyu mama kaja kunadi riwaya au kaja kuposa?" Wenzake walikuwa wameshajipanga kucheka. Suma alitaka kuzima simu. Bertilla akamshika mkono.

"Acha. Huyu ameniuliza."

"Anakucheka, dada."

"Acheke, lakini ameuliza. Kurudia wamekataza. Kumjibu mtu aliyekuuliza hawajakataza."

Akaandika, safari hii bila kubisha hodi: "Sijaja kuposa, kaka, na mjane wa riwaya yangu hataki kuposwa. Matanga yameisha, shemeji zake wamefunga mizigo yake na kuitupa nje. Yeye ameketi juu ya mizigo. Haondoki mpaka avune ulezi alioupanda kwa mkono wake, na ulezi bado miezi miwili. Leo asubuhi mdogo wa marehemu amefungulia ng'ombe."

Akamwachia Suma simu, akarudi kumsagia mteja debe lake la mahindi. Alichokuwa nacho amekisema.

Zilibaki dakika saba Suma akaingia mbio, anapiga kelele kuishinda mashine. Aliyejibu ni wakala, Bi Stumai: "Ng'ombe wamefika shambani? Nitumie sura tatu za kwanza, Jumatatu."

"Jumatatu!" Suma akasema. "Na zote ziko kwenye kauntabuku! Lete, nianze kuzichapa kwenye simu. Ila kwanza mjibu. Wamefika?"

Bertilla alichukua simu, akaandika polepole, herufi kwa herufi: "Sura tatu utazipata Jumatatu, mama. Ng'ombe wako sura ya nne."

"Dada! Humwambii?"

"Akitaka ataiomba," Bertilla akasema, akaenda kumfungia mteja gunia.