Maombi Chini ya Chupa ya Chai

Kwenye kumbukumbu za kikao cha bodaboda za umeme Kasulu, mimi Shamsia nimeandikwa kama mzigo. "Mzigo: kilo sabini na nane." Kilo zenyewe wameniongezea, lakini tuliache hilo.

Nauza vitenge mkabala na kituo chao cha betri, kwa hiyo habari za Pelagia sikusimuliwa, nimeziona. Wazazi wake walitoka Burundi, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, baadaye wakapata uraia. Kati ya madereva kumi na wawili, mwanamke ni yeye peke yake. Kampuni ilipoleta zile pikipiki ilitaka kumfundisha mtu mmoja ufundi. Akafundishwa Pelagia, kwa sababu siku hiyo wanaume walikuwa kwenye mpira. Tangu hapo pikipiki ikigoma wanamwita yeye. Kikao kikianza wanamwita pia, achemshe chai.

Mwenyekiti wao, Bazilio, si mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nitamsema sana.

Mwaka huu kampuni ikasema inaongeza pikipiki sita, na kituo kichague msimamizi. Huyo ndiye ataamua nani apewe. Wanawake watano walikuwa wameshaomba pikipiki kwa maandishi. Bazilio aliyapokea maombi yao kwa heshima zote, akayaweka mezani, na juu yake akaweka chupa ya chai ili meza isichafuke. Yalikaa hapo miezi minne. Pelagia ndiye aliyewasaidia kuyaandika. Kila kikao aliinyanyua ile chupa, akamimina, akairudisha palepale. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake tu. Moyo uliniuma, sisemi uongo.

Akagombea usimamizi. Wanaume hawakumkatalia. Walisema tu kwamba msimamizi lazima apimwe barabarani: Kasulu hadi Munanila, betri moja, abiria mmoja. Atakayefika ndiye. Waligombea watatu, Bazilio, mwenzake Venanti, na Pelagia. Abiria wa Pelagia nikawa mimi, kwa kuwa wanaume wote siku hiyo walipata udhuru.

Sasa, madereva wa milima yetu wana tabia moja. Wakifika mteremkoni wanazima injini, pikipiki inaserereka yenyewe, petroli inabaki. Wamefanya hivyo tangu ujana wao, na pikipiki ya umeme haikuwabadilisha. Kila mteremko Bazilio na Venanti walizima, wakatupita kwa fujo. Pelagia hakuzima.

"Mwanangu, zima basi," nikamwambia. "Wenzio wote wamezima."

"Tulia, mama. Tazama kioo."

Kioo cha betri kilisoma asilimia arobaini na moja tukiwa juu. Tulipofika bondeni kilisoma arobaini na nne. Alikuwa anabana breki kidogo kidogo, na mota inaurudisha umeme kwenye betri. Jambo hilo aliligundua mwenyewe kwenye mteremko wa Mtabila. Alipanda na kushuka mara sita ili ahakikishe, watu wakadhani ameangusha kitu.

Tukafika Munanila na asilimia tisa. Tukanywa uji. Tukanywa mwingine. Wenzetu hawakufika.

Kikao kilipokaa, Bazilio akatangaza kwamba hakuna mshindi, kwa sababu hakuna shahidi aliyemwona Pelagia akifika. Nikanyoosha mkono.

"Mimi nilikuwepo."

Akaipitia karatasi yake taratibu. "Dada Shamsia, wewe hapa ni mzigo. Mzigo hautoi ushahidi."

Nilitukana. Hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu.

Kisha akamgeukia Pelagia, kwa upole kabisa, akamwomba awaeleze wenzake betri yake aliitunzaje. Pelagia alikuwa anamimina chai.

"Kufundisha madereva ni kazi ya msimamizi," akasema. "Mkishampata, atawafundisha."

Wiki tatu wakasukuma pikipiki zilizoishiwa umeme. Nilikuwa naweka stuli nje ya duka ili nisikose kitu.

Jumapili iliyofuata Bazilio alitumwa na mkewe amlete mama mkwe kutoka kijiji kimoja cha milimani, si mbali kama Munanila. Huku kwetu mtu hagusani na mama mkwe wake, kwa hiyo aliweka gunia dogo la maharage katikati yao, akaondoka naye kwa adabu. Kila mteremko akazima. Betri ikafia kwenye mlima wa mwisho. Bazilio akashika usukani, akasukuma peke yake, pikipiki haikusogea. Mama mkwe, miaka sabini, akajitwika gunia, akaenda nyuma, akasukuma. Hawakutazamana hadi mjini. Watu waliokuwa wakitoka kanisani waliwasalimia, "Mwakeye!" nao wakaitikia kama vile hakuna jambo.

Walipofika kituoni bibi aliteremsha gunia lake, akamuuliza Pelagia, "Mjukuu wangu, hii ya kwako huwa unaisukuma?"

"Hapana, bibi."

Bazilio alikuwa anakagua tairi lisilo na tatizo.

Kesho yake wakapiga kura. Pelagia alipata kumi na moja. Moja iliharibika, na Venanti anasema si yake.

Bazilio akampisha kiti. Halafu, naomba niwe mkweli, alifanya kitu ambacho sikukitegemea: aliinyanyua chupa ya chai yeye mwenyewe, akammiminia msimamizi. Pelagia hakukigusa kikombe. Alizivuta zile karatasi zilizokuwa chini ya chupa. Zilikuwa na alama za duara, moja juu ya nyingine, za miezi minne. Akazinyoosha kwa kiganja.

"Tuanze na ombi la kwanza," akasema. "Ange Harerimana. Anaomba tangu mwezi wa pili."

Bazilio alibaki amesimama na chupa mkononi, anatafuta pa kuiweka.